Bibi, bata na mwisho wa hadithi

Mmeuliza wiki hii ati katuni ni mchezo wa watoto tu au na wanasiasa wanazitumia. Mie niko Wete hapa, Pemba, nakwambieni wanazitumia tena sana, na hatushtuki kwa sababu tunaona wanyama tu.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, usiku akisema "Paukwa!" sie "Pakawa!", basi sungura na fisi mpaka usingizi. Lakini siku tukikataa kwenda kuteka maji, hadithi ile ile inageuka mwisho, sungura mvivu kaliwa na fisi, na jana yake sungura huyo huyo katoroka anacheka!

Sasa wakubwa nao. 1942, vita vya pili, wizara ya fedha ya Marekani iliwaendea Disney iwatengenezee katuni ya kuhimiza watu kulipa kodi. Bata Donald anajaza fomu, anawaandika wapwa zake watatu kuwa wanamtegemea, halafu badala ya kuitia posta anatoka mbio Hollywood mpaka Washington kuipeleka mwenyewe. Khaa, nani umemuona anakimbilia kulipa kodi? Lakini ukishacheka ushameza.

Japani 1945 jeshi la majini lilitoa pesa za filamu ya katuni ya Momotaro, shujaa wa hadithi zao za kale, humo wanyama wanajeshi wanawafundisha wanyama wa kisiwani kusoma kwa wimbo, a i u e o, wimbo wenyewe mtamu hasa, na huku ndege za vita zinatayarishwa.

Ila iliyonichoma mie ni Animal Farm ya George Orwell, hii tunayoisoma Shamba la Wanyama, wanyama wanamfukuza mwenye shamba halafu nguruwe wanawatawala wenzao. Mwisho wa kitabu wanyama wanachungulia dirishani, watazame nguruwe watazame watu, hawajui tena yupi ni yupi, yaani watu na nguruwe wote wametukanwa. Katuni ya 1954 iliyofanywa Uingereza haiishii hapo, watu hawamo tena, nguruwe ndo wabaya peke yao na wanyama wenzao wanawavamia, punda yuko mbele. Na pesa zilikuwa za CIA, majasusi wa Marekani, zimepitishwa kichinichini kwa prodyuza wa Kimarekani, waliokwenda sinema wakati ule wamelipa tiketi zao wamekaa wanatazama punda, hawana habari.

Bibi alipogeuza mwisho angalau sie twajua anataka maji, na ndoo tunaiona pale mlangoni.