Dola 88 kwa mwezi, na mama anaangalia ya bure

(Barua hii na jibu lake ni za mwishoni mwa 2025, na bei zilizotajwa ni za wakati huo.)

*Shikamoo Shangazi.*

*Naishi hapa Houston na mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine sita. Mimi nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, mwenzangu anaendesha lori. Mwezi uliopita nilikaa na taarifa ya benki nikajumlisha tunachokatwa kwa ajili ya televisheni peke yake. Netflix isiyo na matangazo ni dola 17.99, na juu yake 8.99 za mdogo wangu aliyeko Dallas. Disney+ 18.99. HBO Max 18.49. Peacock 10.99, hiyo ni ya mpira wa mume wangu. Apple TV 12.99, na hii sikumbuki hata nani aliiomba. Jumla dola 88.44, kodi bado. Tulipohamia nyumba hii 2019 tuliacha kebo kwa sababu ilikuwa ghali, tukasema tutabaki na Netflix na Disney tu, tuweke akiba.*

*Nikimwambia mume wangu tupunguze anasema, "Tunavyochoka hivi, hata TV tujinyime?" Na kweli anachoka, simlaumu. Watoto nikiwagusia Disney nyumba haikaliki. Mdogo wangu naona haya kumtoa. Tayari yule wetu wa mwisho aliyeko Dar alifungiwa kutumia akaunti yangu mwaka 2023, na hadi leo ananinunia. Mama yangu yuko hapa tangu Agosti, amekuja kutoka Tanga kwa miezi sita, na yeye kutwa yuko na simu anaangalia Ayo TV na taarabu kwenye YouTube. Hizi zote tunazolipia hana habari nazo. Shangazi, hivi vitu vina thamani ya hela hii, au tunaibiwa mchana kweupe?*

*Mama Wawili, Houston*

Marahaba, mwanangu.

Dola 88 kwa mwezi ni 1,061 kwa mwaka. Haijafika tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani, lakini imeifuata kwa karibu. Una haki ya kuuliza, na mumeo asikuone mchoyo.

Kwanza nikutue mzigo mmoja: hamkukosea kuacha kebo. Mlipiga hesabu kwa bei za 2019, na bei zile zilikuwa za kuvuta wateja. Disney+ ilipofunguliwa Novemba mwaka ule ilikuwa dola 6.99. Apple wakaanza mwezi huohuo kwa 4.99. Kampuni zilikuwa zinakula hasara kwa makusudi ili watu wajae. Disney peke yake, katika miezi mitatu iliyoishia mwanzoni mwa Oktoba 2022, ilipoteza karibu dola bilioni 1.5 kwenye huduma hizi. Mwaka huohuo Netflix nao wakakimbiwa na wateja robo mbili za mwaka mfululizo, jambo lililokuwa halijawapata kwa zaidi ya miaka kumi, na hapo ndipo upepo ulipogeuka. Novemba 2022 wakaleta kifurushi cha matangazo. Mei 2023 wakaanza hapa Marekani kuwatoza watu wanaogawana akaunti na nyumba nyingine. Wenzao wakafuata njia hiyohiyo. Hiyo Peacock yenu imepandishwa miaka mitatu mfululizo, kila kiangazi: 5.99, halafu 7.99, sasa 10.99.

Kwa hiyo kuibiwa hamjaibiwa. Mmepandishiwa kidogokidogo, dola mbili hapa, tatu pale, kila moja kwa tarehe yake, na hakuna siku iliyowafanya mkae chini kuzungumza.

Sasa kuhusu thamani. Mimi sipimi huduma kwa wingi wa filamu zilizomo. Nauliza: hii ni ya nani? Kila huduma nyumbani iwe na mwenyewe, mtu ambaye ukiizima usiku, asubuhi anakuja kukuuliza. Isiyo na mwenyewe ikatwe, hata kama ni ya dola mbili.

Nyumbani kwangu, huku Alief, hapahapa Houston, nililijua hili mwaka 2023. Nilibandika karatasi kwenye friji, nikafunga kalamu kwa uzi, nikasema kwa wiki mbili kila anayewasha TV aandike ameangalia nini na wapi. Mume wangu aliandika "mpira" na "habari", basi. Kijana wangu aliandika katuni mbili, zilezile kila siku. Na kuna huduma moja tuliyokuwa tunailipia ambayo kwenye karatasi nzima haikupata hata mstari. Nilijiunga nayo kwa ajili ya tamthilia moja. Nilipoimaliza nikaifuta programu yao kwenye televisheni, nikaamini nimejitoa. Wao hawakuacha kukata: miezi tisa, dola 14.99 kila tarehe 3. Niliwapigia wakarudisha mwezi mmoja tu. Iliniuma, mwanangu, kwa sababu miezi hiyohiyo dada yangu wa Muheza aliniomba hela ya kuezekea jiko nikamwambia sina.

Ndiyo maana nakusisitiza hili kuliko yote: kufuta programu si kujitoa. Ingia kwenye akaunti yenyewe, ujitoe, usubiri barua pepe ya kuthibitisha, uitunze. Na uangalie ulijiunga kupitia wapi. Ukiona kwenye taarifa ya benki jina la Roku, Amazon, Apple au Google badala ya jina la huduma, basi unajitolea hukohuko.

Tuje kwenye zako. Apple TV haina mwenyewe, umesema mwenyewe. Ikatwe leo kabla hujaenda kazini. Ukikata, utaendelea kuiona mpaka siku ulizolipia ziishe, kwa hiyo kama ana mtu atajitokeza.

Mdogo wako wa Dallas. Unamlipia 8.99 kama mwanachama wa ziada, yaani mtu wa nyumba nyingine anayetumia akaunti yako. Je, unajua kwamba akifungua akaunti yake mwenyewe yenye matangazo ni 7.99? Yaani unatoa dola nzima zaidi ili awe mgeni kwako, wakati angeweza kuwa na ya kwake. Mpigie, usimwandikie. Mwambie, "Mdogo wangu, mwezi ujao nakutoa, fungua yako, ya kwanza nakulipia mimi." Ni mtu mzima, anafanya kazi, ataelewa. Na yule wa Dar mweleze ukweli ambao labda hajaambiwa: mwanachama wa ziada lazima awe nchi moja na mwenye akaunti, kwa hiyo hata ungetaka kumlipia usingeweza. Bei ya Netflix Tanzania iko chini sana kuliko ya huku. Mtumie ya miezi miwili ajifungulie. Nadhani kinachomuuma zaidi ni kwamba mlango ulifungwa bila neno, na neno unalo wewe.

Watoto na Disney msigombane. Hama tu kutoka 18.99 kwenda kifurushi cha matangazo cha 11.99, na uhakikishe wanaangalia kwenye wasifu (profile) wa watoto, kwa sababu huko Disney hawaweki matangazo. Netflix nao ni vivyo hivyo kwenye wasifu wa watoto. Wazazi wengi wanalipa bei ya juu kuwakinga watoto na matangazo ambayo wangekingwa nayo hata kwa bei ya chini. Netflix yenyewe ishushe hadi 7.99. Nyinyi wakubwa mtaona matangazo. Mimi nimeyazoea, nainuka naweka chai.

HBO Max nadhani ni ya mumeo, ya jioni akirudi safari. Mwache achague: mwezi mmoja anaichukua, anaangalia anachokitaka mpaka mwisho, anajitoa, na mwezi mwingine anachukua kingine akipenda. Tamthilia haziozi. Ukijitoa Netflix, kwa mfano, wanatunza wasifu wenu na mlipoishia kwa miezi kumi.

Peacock ina mwenyewe, tena mwenye haki yake. Mtu anayelala kwenye lori siku nne hamuwezi kumnyima mechi ya Jumamosi asubuhi. Ila Ligi Kuu ya Uingereza inaisha Mei na kuanza tena Agosti. Juni na Julai anawalipia nini?

Ukifanya haya utabaki na Netflix 7.99, Disney+ 11.99 na Peacock 10.99, jumla dola 30.97. Umeokoa zaidi ya 57 kila mwezi, na mumeo hajajinyima kitu. Mwezi wa zamu ya HBO unaongeza hiyo moja. Mwonyeshe kwa karatasi, akiwa ameshakula, si akiwa ndiyo kwanza anavua viatu.

Halafu nunua antena. Yangu ilikuwa dola 25, bapa kama karatasi ngumu. Nilipoiweka nyuma ya TV ilishika stesheni chache zenye kukatakata. Nilipoihamishia kwenye dirisha la kusini, upande wa Missouri City ambako minara mingi ya Houston imesimama, zikaja nyingi sana, safi. Namba 2 ni NBC, wanaonyesha baadhi ya mechi za Uingereza wikiendi, bure. Namba 26 ni FOX, na Kombe la Dunia la Juni 2026, ambalo litachezwa mpaka hapahapa Houston, mechi nyingi mtazipata humo bila kulipa senti. Namba 8 ni televisheni ya umma, iliyoanza kurusha matangazo Mei 1953, ya kwanza ya aina yake Marekani nzima, na mchana ina vipindi vya watoto ambavyo binafsi naviona bora kuliko nusu ya wanavyoangalia. Ukiwa na intaneti kuna pia programu ya watoto ya televisheni hiyohiyo ya umma, PBS KIDS, haina malipo. Na ukipita maktaba, uliza kama kadi yao inafungua Kanopy au Hoopla. Maktaba nyingi za umma zinayo mojawapo, na filamu humo ni za bure kwa mwenye kadi.

Nimemwacha mama yako mwisho, kwa sababu kwenye barua yako yote yeye ndiye niliyemfikiria zaidi. Kioo cha simu ni kidogo kwa macho yake. Jioni kabla hujaenda kazini, shika simu yake, fungua YouTube, gusa kale kaalama ka televisheni pale juu, chagua TV ya sebuleni. Taarabu yake itoke kwenye kioo kikubwa, wajukuu wakiwa hapohapo kwenye zulia. Watalalamika siku mbili. Ya tatu yule wa miaka sita ataanza kumuuliza bibi, "Anasema nini huyu?", na bibi ana mpaka Februari wa kumjibu.