Kwa mnaoanza kusaka wachoraji wa mitaani Nyanda za Juu Kusini

Wadogo zangu, swali mnaloniuliza kila mara ni hili: Mbeya nianzie jumba gani la sanaa? Usianzie kwenye jumba. Nenda Mwanjelwa, simama mbele ya saluni ya kiume, kisha inama utazame kona ya chini ya kibao. Waandishi wengi wa vibao huacha hapo jina lao la kazi na namba ya simu. Piga.

Ukimwomba bodaboda akupeleke kwa msanii, utashushwa mlangoni pa studio ya muziki, wala si kosa lake. Uliza hivi: "Kaka, bajaji yako kaichora nani?" Mwenye bajaji anamjua fundi wake, anakumbuka alimlipa kiasi gani, na mara nyingi atakupeleka mwenyewe kwa sababu anajivunia chombo chake. Mimi nimefikishwa hivyo kwenye vichochoro vya nyuma ya magereji, nikakuta vijana wanachanganya rangi ya mafuta kwenye makopo ya maziwa na kupanga herufi kwa jicho tu, bila rula.

Na hizo herufi ndizo za kuzitazama kwanza, kabla ya picha. Sura ya mwanamuziki au mchezaji wengi huinakili kutoka kwenye simu. Herufi humtoa fundi hadharani: anavyoukunja mkia wa "g", kivuli anakiweka kushoto au kulia, maneno yakizidi ubao anayabana vipi. Ukishauzoea mkono mmoja utaanza kuuona kwenye mitaa mingine ya Mbeya kama Soweto na Uyole, hata nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Zambia pale Tunduma. Piga picha mapema. Kibao cha rangi kikififia siku hizi, mwenye duka hamwiti tena fundi. Anabandika bango la kuchapwa kwa mashine.

Angalieni pia msimu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huzisimamisha kazi nyingi za ukutani. Juni na Julai kuna baridi, rangi ya mafuta inachelewa kukauka, na fundi analazimika kukaa akisubiri mkono wa kwanza wa rangi ushike ndipo apake wa pili. Huo ndio wakati wa kuzungumza naye. Agiza chai, kaa juu ya ndoo, muulize rangi gani inamtesa. Swali la "sanaa yako ina ujumbe gani" litakupa jibu la hotuba.

Msiidharau rangi ya bei rahisi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alichora kwenye vipande vya silingibodi kwa rangi za baiskeli huko Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza, na mtindo mzima ukabaki na jina lake.

Iringa ina sura nyingine. Huko ubunifu mwingi upo kwenye malighafi. Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, ina mafundi wenye ulemavu, na imejulikana kwa karatasi ya kinyesi cha tembo. Inawezekana kwa sababu tembo hasagi vizuri anachokula: nyuzi za majani hubaki nzima, zikaoshwa, zikachemshwa na kutandazwa kwenye fremu. Wahudumu wa mgahawa wao ni viziwi, kwa hiyo jifunze walau salamu ya lugha ya alama kabla hujaingia. Vikapu vya milulu mtavikuta mjini, ila kama una siku ya ziada fika vijijini Mufindi uone majani yenyewe. (Ukipata muda pita Igeleke, nje kidogo ya mji, kwenye michoro myekundu ya miambani. Uchoraji wa ukutani Iringa haukuanzia saluni.)

Kwa upande wa Kyela, safari ni Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Vyungu vya akina mama wa kabila la Wakisi wa kijiji cha Ikombe hufinyangwa bila gurudumu, na huletwa sokoni kwa mitumbwi. Chukua kimoja, kigonge kwa kidole usikilize, halafu muulize muuzaji nani kakifinyanga. Usipouliza utaondoka na chungu kisicho na mwenyewe.

Hilo la mwenyewe lina sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji hata kama hajasajili kazi yake popote, na inampa haki ya kutajwa. Kwa hiyo picha yoyote unayoiweka mtandaoni iwe na jina analolitaka yeye, si ulilolisikia mtaani. Namba ya simu muulize kwanza. Fundi mmoja aliniomba niweke ya shemeji yake, kwa kuwa simu yake hushinda kwa jirani ikichajiwa.