Kabla hujabeba chupa ya uji: kwa wanaoanza huduma ya wagonjwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Majina yenu yamesomwa Jumapili kwenye matangazo, kwamba mmejiunga na huduma ya kutembelea wagonjwa. Huu ni mwaka wangu wa 11 katika huduma hii. Wageni hufundishwa vizuri namna ya kuomba na mgonjwa, ila hawaambiwi wafanye nini siku moyo wao wenyewe utakapochoka. Na moyo huchoka.

Wangu ulichoka mwaka wa tatu. Tulikuwa tunakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kila Jumamosi. Wagonjwa wengi pale wametoka mikoani kufuata mionzi, na mionzi huchukua wiki kadhaa. Ndugu anayeuguza hujikuta mjini hana anayemjua, na akiba ya nauli ya kurudia imeshaliwa. Mama mmoja alikuwa akimuuguza bintiye. Nilimpelekea uji, nikamfulia kanga, nikamwombea mahali pa kulala kwa mtu wa jumuiya yetu. Jumamosi moja akaniambia mbele za watu kwamba uji wangu ni maji matupu, na kwamba tunakwenda pale ili tuonekane. Nikanyamaza. Wiki iliyofuata nilifika Posta, nikakaa kituoni na chupa magotini, daladala zikija na kuondoka, kisha nikarudi Mbagala na uji wote.

Wiki tatu sikwenda. Niliwaambia wenzangu naumwa mafua, na huo ulikuwa uongo.

Aliyenirudisha ni mama mtu mzima wa jumuiya yetu. Alikuja jioni, hakuuliza kitu. Akaosha vyombo vilivyolala, akabandika maharage, akakaa nami mpaka nikala. Ndipo akafungua 1 Wafalme 19. Eliya ameomba afe, amelala chini ya mretemu. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwekea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, halafu akamwamsha ale mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Sauti ndogo ya utulivu kule Horebu ilikuja baadaye. Chakula na usingizi vilitangulia.

Kwa hiyo, wapendwa, ukichoka sema mapema, wala usidhani imani imekuishia. Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, na waliporudi aliwaita faraghani wapumzike kidogo, kwa maana watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Mtu asiende wodini peke yake. Siku mtoto wako ana homa, baki naye. Kwako nako ni huduma. Fedha usiahidi kama huna mkononi.

La shukrani ndilo lililonitesa zaidi. Nilikuwa nahudumu kama mtu anayekopesha, nangoja nilipwe kwa neno zuri. Someni Yohana 13 polepole: Bwana anapochukua kitambaa na kutawadha miguu, Yuda bado hajatoka. Miguu yake nayo iliguswa na mikono ile, na Bwana alikuwa akijua. Nililia sana nilipoliona hilo.

Yule mama nilimrudia. Kumbe wiki ile alipofoka alikuwa ametoka kuambiwa kwamba uvimbe wa bintiye haupungui. Hasira ilimtafuta mtu wa karibu, na wa karibu nilikuwa mimi. Hakuniomba radhi. Alipokea kikombe, akasogea kwenye benchi nikapata pa kukaa, tukakaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Jumamosi tunapika uji nyuma ya kanisa kuanzia saa 11 alfajiri. Njooni na chupa zenye vifuniko vinavyokaza, na kila mtu abebe kikombe chake mwenyewe, maana hatutoki pale kabla ninyi hamjanywa.