Ukianza kusoma fasihi ya Kihindi, anza na neno la karani

Insha yangu ya kwanza ya fasihi ya Kihindi ilihusu "Namak ka Daroga", hadithi ya Premchand kuhusu mkaguzi wa chumvi. Nilimsifu kijana Vanshidhar aliyemkamata tajiri Alopideen na magendo yake, akakataa hata rupia 40,000. Tajiri nikamlaani ukurasa mzima. Mwalimu aliirudisha na alama moja tu ya kuuliza, pembeni ya mstari nilipomtaja baba wa kijana na kumpita.

Nikarudi kwa baba. Mwanawe anaondoka kutafuta kazi, naye anamfunda: mshahara ni kama mwezi mpevu, unauona siku moja kisha unamegeka hadi kuisha; kipato cha juu, yaani hongo, ni chemchemi, kiu hukatwa kila siku. Mzee huyu si jambazi. Madeni yamemlemea na ana mabinti wa kuoza. Basi wewe unayeanza, mwache mwizi kwanza. Mtafute anayeusia wizi kwa mapenzi.

Halafu sikiliza maneno. Hapa sisi Waswahili tuna bahati ambayo sikuiona mapema: "rishvat" ni rushwa yetu, shina lile lile la Kiarabu, na karani wa huko akitaka chake huomba "chai-pani", chai na maji. (Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani.)

Harishankar Parsai amejenga hadithi nzima juu ya neno moja la namna hiyo. Katika "Bholaram ka Jeev", roho ya mstaafu maskini inapotea njiani baada ya kifo, na Narada, mwenye hekima wa mbinguni katika ngano za Kihindu, anashuka duniani kuitafuta. Ofisini anaambiwa maombi ya pensheni yalipeperuka kwa sababu hayakuwekewa "vazan", uzito. Vazan na uzani ni ndugu. Narada anatoa kinanda chake cha nyuzi kiwe uzito, faili linafunguliwa, na roho inaita kutoka humo ikiuliza kama amri ya pensheni imefika. Haitaki kwenda mbinguni. Ukitafsiri vazan kuwa "hongo", umeua mzaha, na karani anakuwa mhalifu wa kawaida tu.

Usiharakie "Raag Darbari", riwaya ya Shrilal Shukla, ya mwaka 1968. Ni ndefu, na kejeli yake inachosha mgeni. Lakini Shukla alikuwa mtumishi wa serikali Uttar Pradesh, bei za ofisini alizijua, na ukifika kwa Langad, yaani Kiwete, punguza mwendo. Anataka nakala ya hati. Karani anadai rupia tano, yeye anasema bei ni mbili. Wanagombana. Langad anaapa ataipata bila kutoa hongo, karani naye anaapa ataitoa kwa kanuni tupu.

Wanafunzi wengi humwandika Langad kama mtakatifu, nami niliwahi. Soma tena: ugomvi ulianzia kwenye rupia tatu. Msimamo ulikuja baadaye, na kijiji kikaufanya kichekesho. Anakwenda na kurudi, ombi lina kasoro, ombi limerekebishwa, anarudi tena. Siku nakala inapokuwa tayari, jina lake linabandikwa ubaoni. Yeye yuko kwao, mgonjwa. Muda wa kanuni unapita, nakala inachanwa.