Saa imerudi nyuma saa 3

SWALI: Nimeweka Ubuntu kando ya Windows 10 kwenye laptopu moja. Kila nikitoka Ubuntu kuingia Windows, naikuta saa imerudi nyuma saa 3 kamili. Je, betri ya ubao mama imekufa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue betri, ndugu msomaji. Ile ya duara, CR2032, ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka. Hapa mifumo miwili inagombania saa moja. Ubuntu huandika kwenye ubao mama saa ya UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), nasi tuko mbele yake kwa saa 3; Windows huisoma kama saa ya hapa. Ndiyo maana saa 4 asubuhi (10:00) inakuonyesha 7:00, yaani saa 1 asubuhi.

Ingia Ubuntu ukiwa na intaneti, hakikisha saa ni sahihi, fungua dirisha la amri uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Kisha andika timedatectl peke yake: mstari wa "RTC in local TZ" (yaani saa ya ubao mama iko kwenye saa ya hapa) usomeke yes. Chini yake litatokea onyo refu. Lisikutishe, linahusu hasa nchi zinazosogeza saa kufuata majira, na Afrika Mashariki hatusogezi. Windows ikiendelea kupishana, angalia kama imewekwa kanda ya Nairobi, UTC+03:00.