Msikimbie Kipindi cha Kadi: Kwa Wataalamu Wapya wa Optometria Nyanda za Juu Kusini

Wadogo zangu, katika mafunzo endelevu ya karibuni hapa Mbeya nimeona tena jambo ambalo sasa linataka kuwa desturi. Wakati wa kipindi cha glaukoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, ukumbi ulijaa na kalamu hazikupumzika. Mwezeshaji aliyefuata alipotangaza kwamba atazungumzia utunzaji wa kumbukumbu, yaani kadi za wagonjwa, na uendeshaji wa kituo, wengi wenu mlitoka kwenda kunywa chai, mkarejea kwa mwendo wa haraka sana saa ya kusaini mahudhurio. Nawapenda, na kwa ofthalmoskopi, kile chombo cha kutazama ndani ya jicho, wengi wenu mna mikono mizuri kuliko tuliyokuwa nayo sisi katika umri wenu. Lakini jambo hili linaniudhi, kwa sababu mnaamini kwamba kipindi cha kwanza ni cha tabibu na cha pili ni cha mwenye duka. Mgonjwa hautambui mpaka huo. Anaanza kueleza shida yake mapokezi, anaiendeleza kwenye kiti cha vipimo, na mara nyingi sehemu yenye uzito anaitaja akiwa kaunta, fremu mkononi.

1. Anachosema mgonjwa nje ya chumba cha vipimo kiandikwe kwenye kadi.

Kituo nilichofanyia kazi kwa muda mrefu kilikuwa na mteja wetu mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Rungwe. Alikuja kutafuta miwani ya kusomea, akarudi baada ya miaka michache, kisha akarudi tena. Kila mara, kila jicho lilisoma 6/6, yaani kiwango cha kawaida cha kuona, baada ya kusahihishwa kwa miwani, tukamwongezea kidogo nguvu ya kusomea, akalipa, akapewa risiti na tukaagana naye vizuri. Tuliompima tulikuwa kadhaa, nami nikiwa miongoni mwao, na katika kadi yake mlikuwa na namba za miwani peke yake: hapakuwa na presha ya jicho, wala neno lolote kuhusu mboni au diski, yaani kichwa cha mshipa wa fahamu ndani ya jicho. Ile 6/6 ilitutuliza. Glaukoma ya pembe wazi huanza kula uoni wa pembeni na kuacha wa katikati hadi mwishoni, jambo ambalo mnalijua, na ambalo sisi pia tulilijua na kulijibu vizuri kwenye mitihani.

Siku moja akichagua fremu, mwalimu alimsimulia binti wa kaunta kwamba majirani wanamlalamikia, wakisema tangu astaafu amekuwa na majivuno na anapishana nao njiani bila kuwasalimu, na kwamba mkewe anamkanya kwa sababu anagongana na watu sokoni. Kwa watu wa huku, mtu mzima kupita bila salamu ni jambo linaloitisha kikao. Binti alimpa pole, wakacheka pamoja, na maneno yakaishia pale pale, kwa kuwa hatukuwa tumemfundisha kwamba simulizi kama ile ni dalili, wala hatukuwa tumempa mahali pa kuiandika. Mtu aliyetueleza wazi kwamba haoni pembeni tulimuuzia fremu.

Aliyegundua tatizo ni kijana wa rika lenu, aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, ambaye alifuata fomu hatua kwa hatua hata baada ya mwalimu kumwambia kwamba amekuja kwa ajili ya miwani tu. Aliangalia ndani ya jicho, akanyamaza, kisha akaniita. Kikombe cha diski, yaani shimo la katikati yake ambalo glaukoma hulipanua, kilikuwa kimekaribia ukingo katika macho yote mawili, na kipimo cha ana kwa ana, cha kutumia vidole tu, kilionyesha kwamba pembeni palikuwa pamekwenda. Nilipomweleza mwalimu kwamba tunampa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwamba matibabu yanaweza kulinda kilichobaki lakini hayarudishi kilichopotea, aliuliza, "Lakini si mmekuwa mkinipima?" Nilimjibu ukweli kwamba tulikuwa tunapima namba ya miwani tu, na nikamwomba radhi.

Ndiyo maana nasisitiza kadi. Kadi yetu ya sasa haiwezi kufungwa ikiwa haina hali ya mboni kabla ya kupanua, presha ya kila jicho pamoja na saa iliyopimwa, na uwiano wa kikombe na diski kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 40 na zaidi. Presha iliyo chini ya 21 isiwalaze usingizi, kwa kuwa hubadilika ndani ya siku na wapo wanaoharibika nayo ikiwa ya kawaida. Mstari wa mwisho ni wa maneno ya kaunta, na huyo binti ndiye anayeujaza. Ukimkuta mgonjwa wa glaukoma, waite ndugu zake wa damu wapimwe, na uliza kuhusu pumu uiandike kwenye barua ya rufaa, kwa sababu timololi, tone la kushusha presha ya jicho, inaweza kumbana kifua.

2. Mashine ya kompyuta ya kukadiria namba ya miwani inaanzisha kipimo, haikimalizi. Kwa mtoto na kwa mwanafunzi wa chuo anayesoma usiku kucha, bila saiklopentoleti (matone ya kulegeza misuli ya jicho inayokaza kwa kusoma) au retinoskopi (kupima namba kwa mwanga) ya makini, mtamwongezea nguvu ya hasi, ile ya miwani ya kuonea mbali, asiyoihitaji.

3. Mtu mzima ambaye namba yake ya miwani imeruka ghafla kuelekea hasi apimwe sukari kabla lenzi haijakatwa, kwani sukari ikipanda huweza kuivuta namba hivyo. Na mtoto anayejikuna macho kila msimu wa vumbi aulizwe ni matone gani anayonunuliwa duka la dawa, kwani deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha presha na kuleta mtoto wa jicho.

4. Jifunzeni kalenda ya wakulima. Mkulima wa kahawa wa Mbozi na wa mpunga wa Kyela huja na fedha baada ya mavuno, na ndipo baadhi yenu mnagundua kwamba lenzi za kusomea zimekwisha na mzigo bado uko Dar es Salaam. Mgonjwa aliyetumia nauli kuja mjini mara mbili kwa ajili ya miwani moja hatarudi tena kupimwa presha, kwa hiyo stoo iliyopangwa vibaya ni tatizo la kitabibu.

Kwa mafunzo yajayo nimeomba kipindi cha kumbukumbu kiwe cha kwanza asubuhi. Kila mmoja aje na nakala za kadi kumi alizojaza mwenyewe, majina na namba za simu zikiwa zimefutwa kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tutabadilishana, na kila mtu atasoma kadi za mwenzake akitafuta visanduku vilivyoachwa wazi.