Nyonga ya kushoto, ndoo mkono wa kulia

Dada, umeuliza kwa nini mdogo wako anayebeba ndoo za dagaa pale Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, anaumwa nyonga ya kushoto ilhali ndoo anaishika mkono wa kulia. Ni kawaida kabisa. Kila akiinua mguu wa kulia, mwili wote unabaki juu ya nyonga ya kushoto, na msuli wa kati wa tako la kushoto ndio unaozuia kiuno kisilalie kulia. Ndoo ikiwa kulia, msuli huo unavuta zaidi. Aweke kiganja chini kidogo ya mfupa wa kiuno atembee, atausikia ukikaza.

Misuli ya nyonga ina nyuzi mchanganyiko: za polepole, zinazostahimili kazi ndefu, na za kasi, zenye nguvu ila huchoka upesi. Ule msuli mkubwa wa tako kwenye tambarare haujitumi sana. Akipanda mwinuko kutoka ziwani ndipo unapofanya kazi kweli.

Agawe mzigo pande mbili, au awe anabadilisha mkono. Lakini maumivu yakiwa kwenye kinena, au akichechemea hata baada ya kupumzika, huenda tatizo ni kiungo chenyewe cha nyonga, si msuli. Hapo aende hospitali, asinywe tu dawa za maumivu.